Vita vya Makaa: Manowari za Mwaka 1914 na Visiwa Vyetu

Jumapili ya tarehe 20 Septemba, 1914, muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo watu wa mji wa Unguja hutoka misikitini na wavuvi husukuma vyombo vyao majini, ngurumo zilisikika kutoka upande wa mlango wa bandari. Hazikuwa ngurumo za mvua. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imefika usiku kutoka kusini, ikakipita chombo kidogo cha moshi kilichowekwa kulinda mlango, na sasa ilikuwa ikiimiminia makombora manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyotia nanga mbele ya mji ili mitambo yake ifanyiwe matengenezo.

Hayakuwa mapambano ya haki, kama vita vina haki. Pegasus ilikuwa chombo kikuukuu, kilichoteremshwa majini mwaka 1897, chenye mizinga minane ambayo makombora yake yaliangukia baharini kabla ya kumfikia adui. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya kisasa, nayo ilisimama umbali wa kilomita nane hivi, ikapiga kwa utulivu kama mtu anayepasua kuni uani kwake. Kukimbia Pegasus haikuweza, maana mitambo yake ilikuwa imefunguliwa. Mizinga yake ikanyamazishwa upesi, na alasiri ya siku ile ile ikalala ubavu na kuzama. Katika mabaharia wake 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Königsberg iliondoka salama, na wakati wa kuondoka mabaharia wake wakatupa majini mapipa yaliyojaa mchanga ili yadhaniwe kuwa ni mabomu ya baharini.

Wazee wa mji walikuwa na sababu ya kulitazama jambo hili kwa macho mawili. Miaka kumi na minane tu kabla ya hapo, tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Kiingereza zilikuwa zimejipanga mahali pale pale na kulipiga Kasri la Sultani kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu ya ugomvi juu ya nani akalie kiti, na Wazanzibari wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Mwenye mizinga wa mwaka 1896 ndiye aliyekuwa akizama mwaka 1914. Watu wa visiwa hawakuulizwa katika lile la kwanza, wala hawakuulizwa katika hili la pili.

Kisa cha Pegasus kimezoeleka kusimuliwa kana kwamba ni jambo la Unguja peke yake, ajali iliyotukia mbele ya forodha yetu kisha ikapita. Sivyo hata kidogo. Siku mbili baadaye, usiku wa tarehe 22 Septemba, manowari nyingine ya Kijerumani, Emden, ilitokea mbele ya mji wa Madras huko Bara Hindi na kuyatia moto matangi ya mafuta ya taa. Na tarehe hiyo hiyo ya 22, nusu ya dunia kutoka Madras, manowari mbili kubwa za Kijerumani, Scharnhorst na Gneisenau, zilikuwa mbele ya Papeete, mji mkuu wa kisiwa cha Tahiti, zikiupiga mji ule kwa mizinga. Unguja, Madras, Papeete: ndani ya siku tatu, katika bahari mbili, miji mitatu ya pwani ilipigwa na mabaharia wa dola moja. Wakuu wao hawakuwa wamekaa meza moja kupanga siku hizo. Kilichowasukuma wote kilikuwa kitu kimoja, nacho ni makaa ya mawe.

Ndugu wasomaji, tumezoea kufundishwa kwamba vita vya baharini ni ushujaa wa nahodha na wingi wa mizinga. Katika mwaka 1914 mambo hayo yalikuwa ya pili. Manowari ya enzi ile ilikuwa tanuri linaloelea. Ikienda polepole ilikula makaa kwa kiasi. Ikiongeza mwendo, ulaji wake haukuongezeka kidogo kidogo, bali uliruka mara kadhaa, hata ghala lililotosha majuma mawili likaisha kwa siku chache. Tanga halikuwepo. Chombo kilichoishiwa makaa katikati ya bahari kilikuwa sawa na gogo. Na makaa yenyewe hayakumiminwa kwa mpira kama mafuta ya siku hizi. Yalichotwa kwa sepetu, yakatiwa katika magunia, yakapandishwa kwa kamba na migongo ya watu, katika vumbi lililoziba pua na kupofusha macho, na mabaharia wote walifanya kazi hiyo mchana kutwa na mara nyingine usiku. Watu wa pwani yetu waliijua vizuri kazi hii. Kwa miaka mingi jeshi la majini la Kiingereza liliajiri watu wa Unguja na pwani, ambao Waingereza waliwaita Masidi, kwa kazi za tanuri na makaa, kwa kuwa joto la Bahari ya Hindi liliwashinda watu wa Ulaya.

Uingereza ilikuwa na vituo vya makaa kila pembe: Gibraltar, Malta, Aden, Colombo, Singapore, Hong Kong, Cape Town, na hata visiwa vya Falkland karibu na ncha ya Amerika ya Kusini. Ujerumani ilikuwa na vichache mno. Bandari za nchi zisizokuwa vitani hazikuweza kuwa msaada wa kutegemewa, kwa kuwa sheria iliyokubaliwa The Hague mwaka 1907 iliiruhusu manowari kukaa humo kwa kawaida saa 24 tu, na kupewa makaa ya kuifikisha bandari ya kwao iliyo karibu, na si zaidi. Kwa hiyo manowari ya Kijerumani iliyokuwa mbali na kwao iliishi kwa kuteka nyara na kwa meli za mizigo zilizoifuata kwa siri. Na kazi ya kuhamisha makaa kutoka meli moja hadi nyingine ilihitaji maji matulivu. Maji matulivu katikati ya bahari kuu hupatikana penye kisiwa.

Hapo ndipo visiwa vinapoingia katika habari hii, wala si kwa mlango wa nyuma. Kikosi cha Admirali Maximilian von Spee, ambacho kituo chake kilikuwa Tsingtao nchini China, kilipopata habari ya vita kilikuwa visiwani katika Bahari ya Pasifiki. Spee alijua kwamba kurudi Tsingtao ni kujitia mtegoni, maana Japani nayo ilikuwa ikielekea kuingia vitani upande wa Waingereza. Akaanza safari ndefu ya kuelekea mashariki, akiruka kutoka kisiwa hadi kisiwa kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe: Pagan, Enewetak, Samoa, Bora Bora, Tahiti, Marquesas, kisha kile kisiwa cha upweke kiitwacho Easter, ambako wenyeji walikuwa hawajapata habari kwamba dunia imeingia vitani. Huko Papeete alikuwa akitafuta makaa ya Wafaransa. Wafaransa walipomwona waliyatia moto makaa yao wenyewe, naye akaondoka mikono mitupu, akiacha nyuma mji unaoungua. Watu wa Papeete walipoteza maduka na nyumba kwa sababu ya chungu ya mawe meusi ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na haja nayo.

Tarehe 1 Novemba, 1914, jua likizama, Spee alikutana na kikosi cha Kiingereza cha Admirali Christopher Cradock nje ya Coronel, pwani ya Chile. Jua lilikuwa nyuma ya Waingereza na kuzichora meli zao dhahiri juu ya anga nyekundu, ilhali meli za Kijerumani zilifichwa na giza la upande wa nchi kavu. Manowari Good Hope na Monmouth zilizama na kila mtu aliyekuwamo, watu wapatao 1,600, bila kuokolewa hata mmoja. Wajerumani walijeruhiwa watatu tu. Husimuliwa kwamba Spee alipoletewa maua huko Valparaíso kwa ajili ya ushindi wake, alijibu kwamba yangefaa kaburi lake. Alikuwa ametumia karibu nusu ya makombora yake, na hapakuwa na mahali popote ambapo angeweza kupata mengine.

Majuma matano baadaye aliizunguka ncha ya Amerika na kuingia Bahari ya Atlantiki. Angeweza kuvipita visiwa vya Falkland na kwenda zake. Hakuvipita. Alitaka kuvunja kituo cha makaa na mnara wa simu ya upepo uliokuwa Stanley, akidhani bandari haina ulinzi wa maana. Asubuhi ya tarehe 8 Desemba alikuta bandarini manowari mbili kubwa, Invincible na Inflexible, zilizotumwa kwa haraka kutoka Uingereza na kuwasili jana yake tu. Zilikuwa zinapakia makaa. Mabaharia wake weusi kwa vumbi waliacha sepetu wakakimbilia mizinga. Baina ya mchana ule na usiku Scharnhorst, Gneisenau, Leipzig na Nürnberg zote zilizama. Zaidi ya watu 1,800 walikufa, akiwemo Spee mwenyewe na wanawe wawili, Otto na Heinrich, kila mmoja katika meli yake. Waingereza waliokufa walikuwa kumi. Gofu la Scharnhorst lilipatikana katika kina cha bahari mwaka 2019, na watu wa Falkland hadi leo huipumzikia tarehe 8 Desemba kila mwaka. Meli moja tu, Dresden, iliponyoka, ikajificha katika vijia vya maji vya kusini mwa Chile mpaka Machi 1915, ilipokutwa imetia nanga katika kisiwa cha Más a Tierra. Ilikuwa imeishiwa makaa.

Na sasa turudi katika bahari yetu, kwa maana Bahari ya Hindi ilikuwa na kisa chake. Emden, iliyoongozwa na Karl von Müller, ilikuwa imeagwa na Spee mwezi Agosti ije huku peke yake. Kwa muda usiotimia miezi mitatu iliteka au kuzamisha meli za biashara zaidi ya ishirini. Ilijivika dohani ya nne ya bandia, ya turubai, ili idhaniwe ni ya Kiingereza. Bahati yake kubwa ilikuwa kuiteka meli Buresk, iliyosheheni makaa bora ya Wales, yale yanayowaka kwa joto kali na moshi haba. Kuanzia siku hiyo Müller alikuwa na ghala linalomfuata. Tarehe 28 Oktoba aliingia bandari ya Penang alfajiri, akazamisha manowari ya Kirusi Zhemchug, na alipokuwa akitoka akaizamisha ya Kifaransa, Mousquet.

Katikati ya hekaheka hizo, tarehe 9 Oktoba, Emden ilitia nanga Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos. Watu wa kisiwa kile, waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya minazi, walikuwa hawajasikia habari ya vita. Chombo cha kuwaletea habari hakikuwa kimepita kwa miezi. Wajerumani nao hawakuona haja ya kuwaambia. Waliulaza ubavu mmoja wa meli kisha wa pili, wakakwangua magugu na makome yaliyoganda chini, wakapakia makaa, na kwa kurudisha wema wakaitengeneza mashua ya injini ya msimamizi wa mashamba iliyokuwa imeharibika. Kisha wakaenda zao. Katika habari zote za mwaka ule hatujui nyingine iliyo na upole kama hii. Lakini msomaji aliweke kando jina la Diego Garcia, maana tutarudi.

Mwisho wa Emden ulitokana na waya. Visiwani Cocos, katika kisiwa kidogo kiitwacho Direction, kulikuwa na kituo ambapo nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari zilikutana zikitoka Australia, Asia na upande wa Afrika. Unguja yenyewe ilikuwa na waya wa namna hiyo tangu mwaka 1879, uliotoka Aden na kuendelea kusini. Ndiyo sababu habari za bei ya karafuu zilifika London kabla karafuu yenyewe haijapanda melini. Tarehe 9 Novemba Müller aliteremsha watu 50 hivi, chini ya ofisa wake Hellmuth von Mücke, waukate mlingoti wa simu ya upepo na nyaya. Makarani wa kituo walikuwa wamekwisha kupeleka habari kwamba meli ngeni imeingia. Kwa bahati msafara mkubwa wa askari wa Australia na New Zealand ulikuwa ukipita si mbali, na manowari Sydney ikatumwa kutazama. Wakati Mücke na watu wake wakiendelea na kazi, na kwa adabu wakiuangusha mlingoti usiharibu uwanja wa tenisi wa makarani, Emden ililazimika kung'oa nanga na kuwaacha. Ilipigwa hata ikapandishwa juu ya miamba ya North Keeling, ikiwa na maiti zaidi ya 130. Mücke akaiteka jahazi kuukuu iitwayo Ayesha, akasafiri nayo hadi Sumatra, kisha kwa meli nyingine hadi Hodeida katika Yemen, na hatimaye, kwa bahari, ngamia na reli ya Hejaz, akafika Istanbul.

Königsberg haikupata bahati ya namna hiyo ya makaa. Nahodha wake, Max Looff, alitoka Dar es Salaam siku ya mwisho ya Julai 1914 ili asizibiwe bandarini. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Omani, aliiteka City of Winchester, iliyokuwa imebeba chai. Hiyo ndiyo meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kutekwa katika vita vile. Shehena ya chai haiendeshi manowari. Waingereza kwa upande wao walijitahidi kununua makaa yaliyokuwa katika bandari za Wareno huko Msumbiji ili asiyapate, na tarehe 8 Agosti manowari yao Astraea ikaupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wajerumani wa Dar es Salaam, kwa hofu, wakalizamisha gati linaloelea katika mlango wa bandari yao wenyewe. Hivyo Königsberg ilifungiwa nyumba yake na watu wa nyumbani. Ndipo Looff akaingia katika milango ya Mto Rufiji, ambako meli iitwayo Somali ilimletea makaa, na ambako aliletewa habari kwamba kuna manowari ya Kiingereza bandarini Unguja.

Baada ya shambulio la Unguja alikusudia kwenda mbali kusini, lakini sehemu moja ya mtambo wake ikavunjika, naye akarudi Rufiji. Hakutoka tena. Vipande vya mtambo vilisafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa vikiwa vimetengenezwa. Waliovivuta, katika matope na mchanga, walikuwa wananchi wa huku.

Manowari tatu za mwendo wa kasi, Chatham, Dartmouth na Weymouth, zilitumwa kuitafuta, nazo mwishoni mwa Oktoba zikaigundua ndani ya mikoko. Wenye kuijua Rufiji, ambako majahazi yalikuwa yakichukua boriti za kujengea nyumba za Unguja, Lamu na Arabuni, wanafahamu kwa nini kuiona lilikuwa jambo moja na kuifikia jambo jingine. Milango ni mingi, vina vinabadilika kwa kila maji kupwa na kujaa, na mikoko ni mirefu. Milingoti ya manowari ilifungwa matawi ya miti. Waingereza walizamisha meli Newbridge ili kuziba mkondo mmojawapo. Wakaleta ndege, kwanza ile ya rubani raia aitwaye Cutler. Mwezi Januari 1915 wakaiteka Mafia, na watu wa Mafia, ambao ugomvi wao na Mjerumani haukuwa ugomvi wa Mwingereza, wakajikuta kisiwa chao kimegeuzwa uwanja wa ndege za vita.

Mwezi Aprili ilifika meli Rubens kutoka Ujerumani, ikiwa imejificha chini ya bendera na jina la Kidanishi, imebeba makaa ya kuitoa Königsberg kifungoni na silaha za jeshi la nchi kavu. Manowari Hyacinth iliikuta karibu na Tanga na kuipiga ndani ya ghuba ya Mansa. Silaha nyingi Wajerumani waliziokoa. Makaa hayakufika Rufiji. Katika hayo yote tuliyoyataja, siku ile ya tarehe 14 Aprili, 1915, ndiyo iliyoamua hatima ya Königsberg, ingawa hakuna kombora lililoigusa.

Yaliyofuata yalikuwa kumalizia. Vyombo viwili vya ubapa, Severn na Mersey, vilivyoundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, vilivutwa kutoka Malta. Viliingia mtoni tarehe 6 Julai, vikashindwa. Vikarudi tarehe 11 Julai, huku ndege zikitoka Mafia na kuvielekeza kwa simu ya upepo mahali makombora yanapoangukia. Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ivunjwe.

Vitabu vya Ulaya mara nyingi huifunga habari hapa. Kwetu haikufungwa. Mizinga yote kumi iliopolewa kutoka mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekwa juu ya magurudumu, na kwa miaka miwili zaidi ikavutwa katika nchi nzima na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika na kuwekwa katika meli Graf von Götzen, ile ambayo Waingereza waliiopoa baadaye na kuiita Liemba. Mizinga ile haikutembea yenyewe. Ilivutwa na mamia ya wapagazi, na nyuma ya kila jeshi, la Mjerumani na la Mwingereza, walifuata wapagazi wengine kwa maelfu, wakibeba unga na risasi vichwani, wakifa kwa kuhara, homa na njaa. Hesabu za upande wa Waingereza peke yake hukaribia wapagazi 100,000 waliokufa. Mji wa Dar es Salaam una mtaa wa Kariakoo, na Nairobi ina Kariokor, na majina hayo mawili yametokana na kikosi cha wapagazi wale. Wengi wanaokwenda kununua nyanya na vitambaa hapo hawajui.

Hapa safu hii ina neno. Mabaharia wa Pegasus wana kumbukumbu. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ambacho Waingereza walikiita Kisiwa cha Makaburi, na majina yao yameandikwa. Hatuna kinyongo na hilo. Walikuwa vijana wa watu, walikufa mbali na mama zao. Lakini ni nani aliyeandika majina ya waliovuta mtambo kutoka Rufiji, au ya watu wa Mafia waliochukuliwa kufyeka uwanja? Waliozisikia ngurumo zile kwa masikio yao hawapo tena duniani. Wajukuu wao wapo, nao ni wazee sasa, na baadhi wanakumbuka yale waliyoyasimuliwa barazani. Tunawaomba wahusika wa elimu, nyaraka na mambo ya kale, wa Unguja na wa Bara, wasiongoje mpaka mgeni mwenye ruzuku aje kuwauliza wazee hao. Daftari na kalamu vinatosha. Aidha magofu yaliyomo baharini na mitoni yanahitaji kuorodheshwa. Mabaki ya Pegasus yaliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1955, na ya Königsberg yalikatwa katwa katika miaka ya 1960. Kilichosalia ni kidogo.

Ofisa mmoja aweza kuuliza: haya ya makaa yana faida gani leo, ambapo manowari zinaendeshwa kwa mafuta na kwa nguvu za nyuklia? Tunamjibu kwa kurudi Diego Garcia. Kisiwa kile, ambacho watu wake mwaka 1914 hawakujua kuna vita, kilichaguliwa baadaye kuwa kituo cha kijeshi cha Marekani katikati ya Bahari ya Hindi. Kati ya mwaka 1968 na 1973 Waingereza waliwaondoa wenyeji wa Chagos wote na kuwapeleka Mauritius na Shelisheli. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kuukomesha utawala wake visiwani humo haraka iwezekanavyo, na mwaka 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba unaohusu visiwa hivyo, ambao ndani yake kituo cha Diego Garcia kinabaki kwa muda wa miaka 99. Samoa nayo ilibadilishiwa bwana mwezi Agosti 1914, pale New Zealand ilipoichukua bila kupiga risasi. Na mwezi Novemba 1918 meli Talune ikatia nanga Apia na wagonjwa wa homa ya mafua, wakaachwa washuke. Karibu mtu mmoja katika kila watano wa Samoa ile alikufa.

Mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg umewekwa katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, na kila siku wanafunzi wanaotembezwa na walimu wao huipanda na kupigwa picha. Makaburi ya Chapwani yako karibu zaidi na sisi. Mashua kutoka mjini hufika huko kwa muda mfupi, na njiani hupita juu ya maji yale yale ambamo Pegasus ililala ubavu alasiri ile ya Jumapili.